Sifa za Mchumia Tumbo

Wapo watu ambao wakitaka kumshusha mwanamuziki hawasemi kwamba hajui kupiga. Wanasema ni mchumia tumbo. Anapiga kopi tu, hana wimbo wake, mwonyeshe noti atakupigia chochote. Lawama hiyo humwandama mwimbaji wa hoteli ya Westlands, Nairobi, anayeimba zilizopendwa huku wageni wakila. Humwandama mpiga besi anayeitwa na studio za River Road kufuatisha wimbo wa mtu asiyemjua. Na zaidi ya wote humwandama mpiga mugithi, muziki wa Kikuyu wa gita, anayekesha peke yake na gita lake katika baa za Kangemi, Kawangware na Uthiru.

Huyo ndiye fundi ninayetaka kumsifu, na simsifu kwa kumwonea huruma.

Mtazame akiwa kazini. Amekalia stuli ndefu, gita kifuani, maikrofoni karibu na mdomo, na kando yake kinanda kilichotegeshwa mdundo. Hana bendi. Uimbaji, solo na ridhimu vyote ni vyake. Anaanza na wimbo wa Joseph Kamaru, na kabla ubeti wa pili haujaisha vidole vimeshaanza kutafuta mlango wa kuingilia wimbo wa Daniel Kamau. Hasimami katikati. Watu wameshikana mabega, wamefanya mstari mrefu unaopinda baina ya meza, na mstari ule ukikatika watarudi kukaa, na wakishakaa watakumbuka kwamba kesho ni kazi. Kwa hiyo nyimbo ambazo watunzi wake walizitunga kwa sauti mbalimbali na mwendo mbalimbali yeye huzileta zote kwenye sauti moja, anapunguza ubeti hapa, anarefusha kiitikio pale, ili mguu wa mchezaji usijue kwamba wimbo umebadilika. Wakati huohuo amemwona mzee wa pembeni aliyeinua mkono kuomba wimbo wa zamani, na amewaona vijana wa meza ya mlangoni wakianza kutoa simu. Mzee atapata wimbo wake, ila utapigwa kwa kasi itakayowainua vijana pia. Uamuzi huo ameufanya huku akiimba, na hakuna aliyemwona akifikiri.

Mtindo huu wa mugithi ulishika baa za Nairobi katika miaka ya 1990, na wakali wake, kina Salim Junior, Mike Murimi na Mike Rua, walijenga jina kwa kiasi kikubwa kwa kuziimba upya nyimbo za waliowatangulia. Ndiyo, nyimbo za wengine. Lakini nenda leo Kinoo au Dagoretti Corner usiku wa Ijumaa, usikilize kijana wa miaka ishirini na kitu akiimba kwa moyo nyimbo zilizotoka kabla mama yake hajazaliwa. Nani alimfundisha? Redio ilisaidia, lakini kazi kubwa ilifanywa na mtu wa stuli, ambaye usiku baada ya usiku aliziweka zile nyimbo mahali watu walipo.

Neno kopi nalo limebebeshwa lawama nyingi kuliko linavyostahili. Mtunzi wa "Shauri Yako" ni Nguashi Ntimbo. Orchestra Super Mazembe, wanamuziki wa Zaire walioweka makao Nairobi katika miaka ya 1970, waliuchukua wakaupiga kwa namna yao, na hiyo ndiyo sauti ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wanayo kichwani wakiutaja wimbo huo. Sioni kwamba Mazembe walimpunguzia Ntimbo kitu. Waliuchezesha wimbo wake mbali zaidi.

Au wachukue Them Mushrooms. Mnamo 1982 walitoa "Jambo Bwana", wimbo wa Teddy Kalanda, uliozaliwa katika kazi ya kutumbuiza watalii kwenye hoteli za pwani. Mwaka uliofuata Boney M wakawa na toleo lao. Wajuzi wengi waliukunjia uso: muziki wa kuuzia wazungu, walisema, maneno ya salamu yamepangwa tu. Mimi nauona kuwa wimbo mgumu kutunga. Jaribu wewe kuandika kitu ambacho mgeni aliyeshuka ndege asubuhi atakiimba jioni bila kukosea, kisha mwenyeji asichoke kukipiga kila usiku kwa miaka arobaini. Na bendi hiyohiyo ya hoteli, ilipohamia Nairobi mwaka 1987, ndiyo iliyomrudisha studio Fundi Konde, mkongwe aliyewatumbuiza askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kuzirekodi upya nyimbo za wazee kwa kizazi kilichokuwa kinazisahau. Waliiweza kazi hiyo kwa sababu walikuwa wapigaji wa hotelini. Mtu aliyezoea kupiga nyimbo za wengine kila siku amejifunza kuzisikiliza mpaka ndani, anajua gita la pili lilifanya nini na kwa nini mwimbaji alichelewa kuingia.

Tukirudi nyuma zaidi tunawakuta vijana wa Equator, studio ya Charles Worrod jijini Nairobi katika miaka ya 1960. Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, walikuwa wakipigiana. Leo wewe unaimba mimi nashika gita, kesho tunabadilishana, kesho kutwa anakuja mgeni tunamsindikiza wote. Ilikuwa kazi ya kuajiriwa. Humo ndimo ulimotoka "Helule Helule" wa Kabaka, ambao The Tremeloes wa Uingereza waliurekodi mwaka 1968. Kule Detroit, Marekani, wapigaji wa kampuni ya Motown walioitwa Funk Brothers walikuwa katika hali kama hiyo: nyimbo zao zilijaa duniani, lakini majina yao hayakuchapishwa kwenye jalada mpaka albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Mtu wa kusindikiza husikika kila mahali asitajwe popote.

Sisemi kwamba kila anayelipwa ni fundi. Wapo wababaishaji, na mbabaishaji anastahili lawama zote. Gita halijapatana na kinanda, yeye ameshaanza. Wimbo ameujua kiitikio tu, beti anazipitia kwa kunung'unika. Lingala anaitapika sauti tupu bila neno hata moja la kweli, akitegemea kwamba watu wamelewa. Huyo angekuwa mbabaishaji hata kama angepiga bure. Kosa lake ni kuwadharau waliokuja kumsikiliza, na dharau hiyo nimeiona pia kwa wasanii wakubwa wenye nyimbo zao wenyewe, wanaofika jukwaani saa nne zimepita na kuimba juu ya kanda.

Ama kuhusu tumbo lenyewe, sijui ni lini njaa ya mwanamuziki iligeuka kuwa aibu yake. Machi 2020 baa zilifungwa kwa sababu ya korona, zikakaa hivyo hadi mwishoni mwa Septemba, na kwa mtu anayeishi kwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi hiyo ilikuwa nusu mwaka bila unga. Mwishoni mwa 2022 Kaunti ya Nairobi ikazuia vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi kwa sababu ya kelele. Wakazi walikuwa na haki yao ya kulala, sibishi, lakini aliyepoteza siku za kazi alikuwa pia mpiga ridhimu. Mirabaha nayo humfikia mtunzi kupitia chama cha watunzi, na aliyepiga kwenye rekodi kupitia chama cha watumbuizaji, PRISK. Aliyeupiga wimbo uleule jana usiku pale Kawangware hutegemea alichoahidiwa na mwenye baa na alichotuzwa na wateja. Mwenye baa akisema mauzo yalikuwa mabaya, mpigaji anarudi nyumbani na nauli. Wateja tunaweza kulirekebisha hilo kwa kiasi fulani: ukiomba wimbo, tuza, na ukikodi bendi ya harusi ya Lavington, lipa kabla keki haijakatwa, kwa sababu baada ya keki mwenye pesa haonekani.

Nyuma ya wanamuziki hawa karibu kila mara utamkuta kijana amesimama pembeni ya spika. Amebeba nyaya, amefunga maikrofoni, na sasa anatazama mkono wa kushoto wa mpiga besi. Hana karo ya shule ya muziki. Atatazama hivyo kwa miezi, mpaka siku moja, usiku umeenda na mpiga besi anataka kwenda kula, atapewa gita na kuambiwa ashike wimbo mmoja. Huchaguliwa wimbo ambao wachezaji wanaupenda mno, ili hata akikosea wasiache kucheza. Wenzake humwangalia kwa jicho la pembeni. Akiweza kukaa kwenye mdundo mpaka mwisho bila kujionyesha, wiki ijayo anapewa mbili.