Jicho la Kuikagua Hesabu ya Kompyuta

Igogo, jijini Mwanza, ni kata ya kupima. Kuanzia viwanda vya minofu vilivyo ufukweni hadi maduka yaliyopandana juu ya mawe ya mlimani, watu wanashinda wakizidisha kilo kwa bei, wakijumlisha na kuandikiana risiti. Mnunuzi mzoefu wa sangara hufunua shavu na kubonyeza nyama kabla hajasema neno. Wa mabondo ya samaki huyo huliinua bondo kwenye mwanga na kuligeuzageuza. Lakini mtu huyo huyo, namba ikitokea kwenye kioo cha kompyuta, anaipokea kama ilivyo. Namba nayo imetengenezwa na fundi, na kazi ya fundi hukaguliwa.

Ufundi wa hesabu za kompyuta ni tawi kamili la sayansi ya kompyuta, na wapo watu waliolitumikia maisha yao yote. Anayetajwa kwanza ni William Kahan, aliyezaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1933, akasomea huko huko hadi uzamivu, kisha akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika ujana wake kila kampuni ilitengeneza mashine inayokokotoa kwa kanuni zake yenyewe, hivyo programu ile ile iliweza kutoa jibu hili hapa na jibu lile kule. Kahan alishirikiana na Intel kwenye chipu ya 8087 iliyotoka mwaka 1980, na mawazo yake na ya wenzake yakawa msingi wa kanuni za IEEE 754 zilizopitishwa mwaka 1985. Mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing. Simu iliyo mfukoni mwako inafuata kanuni hizo.

Mimi nampima kwa kazi yake nyingine isiyosemwa sana. Aliandika programu aliyoiita Paranoia, na shughuli yake ni moja tu: kuihoji mashine maswali magumu ya hesabu hadi kasoro zake zionekane. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya fundi mzuri wa fani hii. Anakuonyesha mahali kazi yake inapokomea, na anakupa kipimo cha kumkagulia.

Kabla ya kukagua lolote, ijue malighafi. Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja, na kwa maandishi hayo moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali: 0.333 na kuendelea. Kwa hiyo mashine inakata mahali fulani. Ndiyo sababu katika lugha nyingi za programu 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Wengi wakiiona namba hiyo husema mashine ni mbovu, na hapo wanaionea. Ubovu huanza pale mtunzi wa programu anapojua kwamba kipande kimekatwa halafu akakiacha kirundikane. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora ulishindwa kulikabili kombora lililokuwa linakuja, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila hesabu ilibeba kosa dogo sana. Baada ya takribani saa 100 za kuwashwa mfululizo, kosa lilikuwa limefika kama theluthi ya sekunde. Kwa kombora hiyo ni zaidi ya nusu kilomita.

Sasa tuje kwenye shilingi, maana hapa jicho la Mwanza linahitajika kuliko la New York. Kompyuta ina namna mbili kuu za kutunza namba zenye nukta: nyembamba na pana. Ile nyembamba inatunza namba nzima zote bila kuruka hata moja hadi 16,777,216. Ikifika hapo, ukiongeza moja, jibu linabaki 16,777,216. Umeongeza shilingi na haikuingia. Kadiri namba inavyokua, pengo nalo linapanuka. Kwenye shilingi bilioni moja, namba mbili zinazofuatana zimeachana kwa 64. Ukiongeza sarafu ya Sh 50, mashine itaandika 1,000,000,064. Ukiongeza Sh 20, haitaandika kitu.

Kwa anayehesabu dola, milioni 16 ni mauzo ya kampuni yenye jina, na programu inaweza kuuzwa miaka mingi bila kufika huko. Kwetu, milioni 16 ni shehena ya sangara isiyojaza gari. Programu iliyojaribiwa kwa namba ndogo za kigeni inafika ukingoni hapa kwetu asubuhi ya siku ya kwanza. Kwa hiyo ukiletewa programu ya mauzo, mwombe muuzaji aingize 16,777,216 kisha aongeze 1. Isipotoka 16,777,217, mrudishie mzigo wake. Namna pana inatunza namba nzima bila pengo hadi zaidi ya trilioni 9,007, na bajeti ya taifa inaingia humo mara nyingi. Bora kuliko zote mbili ni fundi anayetunza fedha kama namba nzima, shilingi kwa shilingi, au senti kwa senti pale senti zinapohitajika, bila nukta hata moja. Ukimuuliza fedha anazitunzaje akajibu papo hapo, endelea kuzungumza naye. Akikuambia kompyuta haikosei, agana naye kwa heshima.

Alama nyingine ni namna anavyokadiria nusu. Tuseme bidhaa mbili, moja Sh 1,025 na nyingine Sh 1,075, kabla ya VAT ya asilimia 18. Kodi ya kwanza ni 184.5, ya pili 193.5, jumla 378. Anayepandisha kila nusu ataandika 185 na 194, jumla 379, na shilingi moja imezaliwa isiyokuwepo. Kanuni za IEEE 754 kwa kawaida hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu: 184 na 194, jumla 378. Si kila mara mambo yatakaa sawasawa hivyo. Bidhaa mbili za 1,025 zitakupa 368 badala ya 369. Ila kwenye maelfu ya risiti, kupanda na kushuka vinafutana, ilhali kupandisha kila mara kunalemea upande mmoja. Sheria au mkataba ukitaka njia nyingine, ifuatwe hiyo. Fundi mzuri ameandika mahali ni kanuni gani anaitumia, na amekadiria mara moja tu, mwishoni.

Kukata bila kukadiria ni kubaya zaidi, na wavuvi ndio wanaoumia. Chukua makreti 200 ya samaki, na programu inayopokea uzito kutoka kwenye mizani ikitupa chochote kilicho chini ya gramu 100. Kwa wastani kila kreti linapoteza gramu 50, na makreti 200 yanapoteza kilo 10, zote upande wa muuzaji. Ukikadiria kwa haki, makosa hayo hayo yanakatana na mara nyingi tofauti haifiki kilo moja. Soko la hisa la Vancouver liliadhirika kwa kosa la aina hii. Kipimo chake cha bei kilianza mwaka 1982 kikiwa 1,000, na baada ya kila muamala kompyuta ilikata tarakimu za mwisho. Novemba 1983 kilisomeka karibu 524, wakati thamani sahihi ilikuwa takribani 1,098. Hakuna aliyeiba. Kwetu nako, stika ya Wakala wa Vipimo inakuhakikishia mizani tu. Jedwali la hesabu linalofuata ofisini ni juu yako kulikagua.

Ukitaka kujua kama fundi amesoma kweli, tazama anavyojumlisha orodha ndefu. Jumlisha kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Majibu yakitofautiana, namba ndogo zinamezwa na jumla kubwa njiani. Mwaka 1965 Kahan alichapisha dawa yake, nayo ni fupi ajabu: kila unapojumlisha, tunza pembeni kile kilichomezwa, na ukiongeze kwenye hatua inayofuata. Ni mistari michache tu ya programu. Nikiikuta ndani ya kazi ya kijana wa hapa nyumbani, najua huyo amekwenda mbali kuliko vitabu vya kozi yake, na ningemwajiri siku hiyo hiyo.

Usidanganywe na wingi wa tarakimu. Uzito wa sangara ulioandikwa kilo 47.382915, kutoka kwenye mizani inayosoma gramu 50, ni uongo uliovaa nguo nzuri. Namba yenye tarakimu chache zote za kweli ina thamani zaidi. Usitulizwe pia na kalkuleta ya simu inayoonyesha 0.3 safi, huenda imeficha tu mkia.

Nchi hii imewahi kulipa gharama ya hesabu mbovu za mashine. Baada ya hesabu za Hazina zilizohamishiwa kwenye kompyuta kuvurugika, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kizazi cha wataalamu kikachelewa. Leo mashine za risiti za kodi, EFD, ziko madukani na malipo ya simu yanafika hadi kwenye mitumbwi. Zuio jingine halina nafasi. Kinachohitajika ni wakaguzi, na ukaguzi huu hauhitaji shahada.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara wa Igogo, kabla hujalipia programu yoyote ya mauzo au ya kupokea samaki, kaa na muuzaji umfanyishe majaribio haya mbele yako, kwa namba za shilingi zako mwenyewe, na majibu yaandikwe kwenye mkataba.