Kuoga Baharini Wakati wa Tauni

Kitabu cha Bwana Albert Camus kiitwacho La Peste, yaani Tauni, kilichapwa Ufaransa mwaka 1947. Korona ilipoenea duniani mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walikinunua upya kwa wingi. Yafaa nasi tukipime, walakini si kwa mizani ya Paris. Tukipime kwa mizani ya Nundu, kando ya Ziwa Tanganyika.

Maana kwetu maradhi ya kuenea si habari ya mwaka mmoja. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na makanisa yakafungwa hata katikati ya Agosti. Lakini siku zile Uvira, Nundu, Fizi na Baraka walikuwa wamekwisha kumzoea mgeni mwingine, kipindupindu. Wimbi lake la saba lilianza Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na mpaka leo halijaisha. Basi kuuliza kama ni halali kufurahi jirani akiugua, huku kwetu ni swali la kila masika.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa Oran, Algeria, panya wanakufa, kisha watu. Malango yanafungwa. Mganga Rieux anatibu usiku na mchana. Rafiki yake Tarrou anakusanya vikundi vya kujitolea. Rambert, mwandishi wa gazeti, anatafuta njia ya kutoroka amrudie mpenzi wake.

Sura iliyo bora kuliko zote ni fupi. Baada ya miezi ya kazi, Rieux na Tarrou wanakaa jioni juu ya paa la nyumba ya mgonjwa mmoja mzee. Kisha wanashuka bandarini, wanawaonyesha walinzi kibali chao, wanaingia baharini, wanaogelea bega kwa bega. Hawasemi mengi. Wakitoka, wanajua kwamba kesho kazi ni ile ile. Wako watakaonung'unika: watu wanakufa, na hawa wanaoga! Mimi naona mwandishi amepatia. Rambert alitaka furaha inayowapa wagonjwa kisogo, ingawa mwisho yeye mwenyewe alichagua kubaki. Furaha ya wale wawili usiku ule inawarudisha kwa wagonjwa.

Juu ya Padre Paneloux, wasomaji Wakatoliki wengine huchukizwa. Hotuba yake ya kwanza yawaambia watu "ninyi", kana kwamba yeye yu nje ya adhabu. Kisha amwona mtoto wa hakimu akifa kwa mateso, na katika hotuba ya pili asema "sisi". Kugeuka huko kumeandikwa kwa haki. Kosa liko katika kifo chake: anamkataa mganga, kana kwamba imani na dawa haziketi nyumba moja. Padre wa huku akishikwa na kipindupindu hunywa maji ya chumvi na sukari kama sisi sote.

Kosa kubwa zaidi ni jingine. Bwana Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, na mji wa kitabu ni wa Algeria. Lakini hakuna Mwarabu hata mmoja mwenye jina wala sauti. Rambert alifika Oran kuchunguza maisha ya Waarabu, na habari hiyo ikaachwa njiani. Na wanawake? Mama yake Rieux ameketi dirishani kwa upole. Nani alichota maji ya mji ule miezi yote hiyo? Sisi tuliozoea kuhesabiwa kama "wagonjwa kadha wa Kivu ya Kusini" twaona pengo hilo upesi.

Tena, bahari ya Oran huosha tu. Ziwa letu huosha, hulisha, na huleta ugonjwa, kwa kuwa maji yake hunywewa bila kutiwa dawa. Furaha ya Nundu ni ya namna nyingine: bidoni la maji safi lililofika nyumbani, ndagala wakianikwa mchangani, taa za wavuvi usiku. Zaidi ya yote, ni mtoto aliyekuwa na macho yaliyozama jana, na leo anaomba ugali. Kipindupindu kikali kisipotibiwa chaweza kuua nusu ya walioshikwa. Wakinyweshwa mapema, na waliozidiwa wakitiwa maji mshipani, hafi hata mmoja katika mia. Huko Oran ugonjwa uliondoka bila mtu kujua sababu, na shangwe ikaja kama mvua. Huku shangwe nyingine hupikwa jikoni, kwa maji yaliyochemka na kikombe. Furaha hiyo Bwana Camus hakuiandika.

Ila amkaribia mtu mmoja, karani Grand, ambaye wasomaji humcheka. Kila usiku huandika upya sentensi moja tu, ya mwanamke aliyepanda farasi. Akashikwa na tauni wakati wa Noeli, akaamuru karatasi zake zichomwe, na asubuhi akaamka mzima. Ningetoa mazungumzo yote marefu ya Tarrou nibakize asubuhi hiyo. Mwisho wa kitabu Grand amemwandikia barua mkewe aliyemwacha zamani, na sentensi ile ameianza tena, safari hii ameiondolea vivumishi vyote.