Daftari Linalojua Kukataa

Ukipanda Mlima Meru kutokea lango la Momela, usiku wa kwanza unalala kibanda cha Miriakamba, wa pili cha Saddle. Vitanda vya huko vina idadi yake. Sasa mpe fundi wa kanzidata kazi ya kutengeneza mfumo wa kuvigawa, umtazame anavyofikiri. Hataanza na rangi za skrini. Ataanza na waongoza watalii wawili, mmoja kakaa ofisini Arusha mjini, mwingine kaegesha gari Usa River, na wote wanaona Miriakamba kimebaki kitanda kimoja. Wanabonyeza kwa mpigo mmoja.

Programu ya mwanafunzi huuliza kwanza kama kitanda kipo. Ikijibiwa kipo, inaandika. Kati ya kuuliza na kuandika pana mwanya wa kufumba na kufumbua, na wageni wawili wanapenya humo bila shida. Fundi huuziba ndani ya kanzidata yenyewe, kwa sharti kwamba kitanda kile na usiku ule visiandikwe pamoja mara mbili. Aliyewahi anaandikwa, wa pili anasubirishwa hadi muamala wa mwenzake ufungwe, kisha anaambiwa pamejaa. Hakuna atakayemshukuru fundi kwa jibu hilo. Mimi naona hapo ndipo penye ustadi wake wote: kujua mapema nini cha kukataa.

Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, alichapisha mwaka 1970 wazo la kupanga data katika majedwali, mtumiaji asijali imelala wapi kwenye diski. Humo ndimo masharti kama lile la kitanda yalipopata pa kukaa. Kilichobaki ni kuwajua watu na mahali, na hilo kitabu hakifundishi.

Chukua chama cha ushirika cha kahawa kwenye miteremko ya Meru. Mgeni wa nchi atamtambua mkulima kwa jina. Kumbe majina ya ukoo Umeruni ni yale yale, Pallangyo, Kaaya, Nnko, Mbise, na karani huyu anaandika Pallangyo kwa l mbili, yule kwa moja. Namba ya simu nayo hubadilika. Tena ukiitunza kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mbele inamezwa na 0754 inageuka 754. Basi fundi anampa kila mkulima namba isiyo na maana yoyote, ambayo haina sababu ya kubadilika hata akioa, akihama au akinunua laini mpya.

Saa ndiyo inayonifurahisha zaidi. Karani akisikia "saa mbili asubuhi" anaandika 2, na mashine inaelewa usiku wa manane. Hilo linazibwa kwa kumpa orodha ya kuchagua. Gumu liko kwenye seva, ambazo nyingi hutunza muda wa kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3. Malipo yaliyoingia saa saba usiku wa kuamkia Julai 1 yanaandikwa saa 22:00 ya Juni 30. Na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1! Hakuna shilingi iliyopotea, lakini mapato ya mwaka mpya yameangukia mwaka uliokwisha, na mhasibu anakesha akitafuta mwizi asiyekuwepo. Fundi anauacha muda wa kimataifa ulivyo, ila ripoti zote anaziamuru zikate siku kwa saa ya Afrika Mashariki.

Kisha pesa. Katika GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017, mteja hupewa namba ya kumbukumbu, analipa benki au kwa simu, na taarifa inarudi kwa taasisi. Mtandao ukisumbua, mfumo wowote wa namna hii unaweza kuleta taarifa ileile mara mbili. Ya pili lazima ipokelewe kwa adabu, ijibiwe kwamba imefika, na isihesabiwe.

Na nakala rudufu: wengi wanazo, wachache wamewahi kuzirudisha. Fundi haridhiki na mashine kumwambia kazi imekamilika. Jumamosi anaifungua nakala kwenye kompyuta nyingine, anajumlisha mapato ya mwezi pande zote mbili, na zikipishana kwa shilingi moja, haendi nyumbani.