Jina Lililo Juu ya Boksi

Kuna wimbo tunaoupenda mno sie waandishi chipukizi: Wazungu walichukua miswada yetu wakaifungia London, ndiyo maana hatuna pa kujifunzia. Kaa kijiweni na washairi watatu, wa pili lazima atauimba. Mie nimechoka nao. Si kwamba ni uongo mtupu, la. Unatupumzisha mapema tu. Ukishamtaja mwizi, kazi ya kusoma inaishia hapo hapo, mnaagiza kahawa nyingine.

Tumchukue Muyaka bin Haji, maana ndiye tunayependa kumtaja tukitaka kuonekana tumesoma. Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa na alifariki mwaka 1840. Alitunga beti za shughuli za mji wake: za Wamazrui na ugomvi wao na Seyyid Said, za biashara, za mapenzi, na za vijembe. Beti zilitembea midomoni mwa watu. Miaka arobaini hivi baada ya kifo chake mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, alifika Mombasa, akafanya kazi na msomi wa pale, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi. Sikujua ndiye aliyezikusanya beti na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Taylor akaongeza maelezo yake. Sikujua alifariki mwaka 1890, Taylor mwaka 1927, na karatasi zikaishia kwenye maktaba ya chuo cha SOAS, London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka.

Hebu hesabu mikono iliyopo kati yako na mzee yule. Ni mingi eti! Sasa ukitaka kuziona karatasi zenyewe kwenye makusanyo maalumu ya SOAS, huombi karatasi za Sikujua. Unaomba mkusanyo wa Taylor. Jirani zake ni mkusanyo wa Hichens, wa Allen, wa Whiteley, wa Knappert.

Watunza nyaraka wana sababu yao, wala si ya kijinga. Karatasi huwekwa pamoja kwa jina la aliyezikusanya ili zisichanganywe na za mwingine, na ili msomaji ajue zimepita mkononi mwa nani. Bila utaratibu huo hata mimi nisingeweza kuifuata safari niliyoisimulia hapo juu. Lakini jina lililo juu ya boksi nalo ni uhakiki. Linatangaza nani alitenda na nani alikuwa malighafi. Sikujua, aliyechagua ubeti upi uandikwe na uandikweje, anageuka mtu wa kutajwa ndani, kwenye maelezo, baada ya mwenye mkusanyo. Kwangu mimi yeye ndiye mhariri wa kwanza wa Muyaka, na Hichens ni wa baadaye sana.

Na kuhariri si kazi ya karani. Angalia jinsi Kiswahili kilivyoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu. Mwandishi ambaye hakutumia alama za ziada aliandika P kwa herufi ya B. I na E aliziwekea alama moja, U na O vilevile. M iliyo mbele ya B aliiacha bila kuiandika, msomaji aiongeze mwenyewe. Kwa mwandiko huo neno "pembe" na neno "bibi" yanaonekana sawasawa. Fikiria basi umeshika shairi la kijembe, halafu hapo katikati kuna neno ambalo huenda ni pembe, huenda ni bibi! Aliyeishi na lugha ile ataamua kwa mizani, kwa kina, na kwa kuujua mji na watu wake. Asiyeijua atakisia, na kisio lake likishapigwa chapa linakuwa Muyaka. Sie huku tunabishana juu ya "uteuzi wa maneno wa Muyaka" bila kuuliza ni nani aliyeyateua.

Hapa ndipo ule wimbo wa London unaponichosha zaidi. Sehemu ya miswada ya Kiswahili ya SOAS imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Hakuna viza, hakuna barua ya mkuu wa idara. Unaifungua kwenye simu, ukurasa ule pale, wino na yote. Halafu? Wengi wetu tunaukodolea macho. Waliosoma madrasa wanazijua herufi ila hawajawahi kuzisoma zikiwa Kiswahili, na waliobaki hawajui waanzie kulia au kushoto. Boksi liko wazi, tumebaki nje kwa sababu nyingine kabisa. Katika vipindi vyangu vyote vya Kiswahili shuleni sikuonyeshwa ukurasa hata mmoja wa aina hiyo, na sidhani niko peke yangu.

Yahya Ali Omar hakuwa na shida hiyo. Alikuwa mwanachuoni wa Mombasa aliyeishi London miaka mingi, na pale SOAS alifanya kazi juu ya miswada hiyo hiyo, kuisoma na kuieleza. Leo kuna mkusanyo wenye jina lake, kwenye nyumba ile ile ya kina Taylor na Hichens. Naona hilo lina uzito kuliko hotuba zetu za kudai vyetu virudishwe. Aliingia kwa elimu ya msomaji, na orodha ikabidi impe boksi.

Halafu tuache kujifanya kila kitu kiko ng'ambo. J. W. T. Allen alikusanya pia kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikatoka orodha yake ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa pale Mlimani. Ilichapishwa Leiden, Uholanzi, na kampuni ya Brill, kwa Kiingereza. Ni kichekesho kidogo: ili ujue kilichoko Mlimani unasoma kitabu kutoka Uholanzi. Ila vitu vyenyewe viliwekwa hapa hapa, wala havikupanda meli. Na orodha ile haikuorodhesha karatasi peke yake, iliorodhesha na kanda za sauti. Kwenye kanda hakuna herufi za Kiarabu za kusingizia. Ni nani kati yetu, tunaojiita washairi wa mji huu, aliyekwishapanda daladala mpaka Mlimani kwenda kuziulizia?