Gitaa la Jangwani: Jamani, Liguse na Wewe!

Jamani, jamani, jamani! Nimetoka kulishika sasa hivi na mikono bado haijatulia. Gitaa la mti wa jangwani! Ndiyo, jangwa lenyewe, Sonora, kule Arizona, mahali ambapo ungeapa hapaoti kitu ila dungusi kakati. Fundi mmoja wa Tucson kanipa nilipakate, nikapiga uzi mmoja tu, ule mnene wa besi, nikanyamaza. Mimi ndiye niliyenyamaza, gitaa halikunyamaza! Sauti ikaendelea, nzito, tamu, safi, ikapita tumboni, ikapanda kifuani, ikanitetemesha mbavu, na bado!

Ngoja nikusimulie vizuri, maana hili siwezi kukaa nalo peke yangu. Mgongo na mbavu zake ni meskite, mti mfupi, uliopinda, wenye miiba mikali, ambao watu wa huko wamezoea kuuchoma wakibanikia nyama. Kuuchoma! Mti mzuri hivi! Ukiutazama mgongo wa hili gitaa unapotea kabisa: hudhurungi yenye wekundu unaowaka, mistari imejizungusha, imejikunja, imepishana, na fundi anasema rangi huzidi kuiva kadiri mwanga unavyoipiga. Halafu ule ufa! Meskite haikosi nyufa wala matundu ya wadudu, kwa hiyo kupata ubao mpana usio na dosari ni kazi kwelikweli. Sasa mafundi wa huko wafanyeje? Wanaujaza ufa kwa feruzi iliyosagwa! Mshipa mwembamba wa buluu unateremka mgongoni, nikaupapasa, nikaurudia, laini tupu, kidole hakikwami popote. Na ukiingiza pua kwenye tundu la sauti, lo, harufu tamutamu ya mbao kavu inakupokea. Nilinusa bila haya.

Shingoni ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Ubao wa vidole umetoka kwenye mti mwingine wa jangwa hilohilo, mti-chuma, ule ambao Waseri, kabila la wenyeji wa Sonora, wanauchonga sanamu za pomboo na kasa. Baridi na laini kama kokoto ya mtoni! Unakua taratibu mno, unaishi karne na karne, na ni mzito ajabu. Fundi akatupa kipande ndooni, kikazama moja kwa moja hadi chini. Tulioushika mpingo mbichi wa Lindi tunaujua uzito huo. Kwa kuwa mti wenyewe unalindwa, yeye anatumia magogo yaliyokufa, na hilo limenifurahisha sana.

Sasa kwa nini linalia hivi? Ubao wa mbele ni mwepesi, wa jamii ya misonobari, ndio unaocheza nyuzi zikiguswa. Mgongo mgumu haumezi sauti, unairudisha. Kabla ya kujenga, fundi huning'iniza ubao mkavu na kuugonga kwa kifundo cha kidole, na ule wa meskite ulitoa ting! ndefu hata nikaomba augonge tena. Na tena! Isitoshe, meskite haivimbi wala kusinyaa sana hewa ikibadilika. Sisi wa Pwani tunaoyaona magitaa yakipinda masika, si tungeipokea kwa vigelegele? (Ubao wa mbele bado utauhurumia, huo ni laini.)

Na bado, rafiki yangu, shikilia kiti. Meskite ni ndugu wa damu wa mti wetu wa mathenge! Mathenge huyuhuyu wa Baringo, Turkana na Garissa kule Kenya, aliyepandwa ili kuzuia jangwa akageuka kuvamia malisho, akang'oa meno ya mbuzi kwa maganda yake matamu, hadi jamii ya Wailchamus ikamfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi. Maumivu yao ni ya kweli na siyapunguzi hata kidogo. Lakini tumeng'oa, tumekata, tumechoma makaa, magunia kwa magunia, na sasa ninawaza: katika magogo yale manene tuliyotia tanuruni, mangapi yalikuwa na sauti ndani? Moyo unanienda mbio nikiandika haya!

Kwa hiyo nakuomba, na ninakuomba kwa dhati: kama wewe ni fundi wa magitaa, au unamjua mmoja, msitafute mbao za mbali kwanza. Mwendeeni mathenge mnene, mkongwe, ambaye mngemkata kwa vyovyote vile. Mpasueni mbao, mwacheni akauke kivulini bila haraka, msimhukumu kwa nyufa zake. Halafu mgongeni kwa kifundo cha kidole. Akilia, nipigieni simu usiku huohuo, nitakuja na nyuzi mpya mkononi!