Mizani ya Bakuli Tupu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mithali hii yaonya juu ya sifa zisizo na kiasi, walakini haisemi ni nani afaaye kumpima mgema, wala kwa mizani gani. Swali hilo ndilo kiini cha filamu ya Kijapani iitwayo Tampopo, iliyotungwa na kuongozwa na Itami Juzo mwaka 1985. Kwa mtazamo wa juu juu ni kichekesho kihusucho rameni, yaani tambi za ngano zitiwazo katika supu ya moto. Kwa undani ni hoja juu ya uhakiki.

Tampopo ni mjane mwenye mtoto mmoja, na mgahawa wake ni mdogo. Goro, dereva wa lori, aingia kula, na aulizwapo asema kweli: chakula kimepikwa kwa moyo safi, lakini hakina uhai. Neno hilo lauma, maana riziki ya nyumba yategemea bakuli hilo. Mwenye kusifu kwa huruma angalimwacha mjane katika dhiki yake. Goro amkosoa, kisha abaki kumsaidia. Na hapo ndipo filamu ipatapo heshima yake.

Pamoja wazuru migahawa mingine, watazama kila mwendo wa mikono ya wapishi, wachunguza hata takataka za jikoni. Tampopo ajizoeza kuinua masufuria mazito na kukumbuka maagizo ya wateja. Viingiavyo katika supu ni mifupa na mboga, vitu visivyo na bei kubwa. Thamani yake yatoka katika maarifa na jasho. Basi ahukumuye rameni kwa bei peke yake, au kwa wingi wa nyama juu ya tambi, amepima chombo akaacha kilichomo.

Kipimo cha Itami ni chepesi. Wanaume watano wainua mabakuli, wanywa supu hadi tone la mwisho, naye Tampopo ajua kwamba amefuzu. Mabakuli matupu yametoa hukumu bila maneno.

Hapa pana dosari moja. Waamuzi hao watano ndio walimu na wasaidizi wa mpishi. Wamekwisha kutia jasho lao katika supu hiyo, na ni vigumu mtu kulitia ila pishi alilolishiriki. Shahidi wa kweli ni mpita njia asiyemjua mjane, mwenye njaa na fedha chache mfukoni. Itami aelekea kulitambua jambo hilo, kwani baada ya ushindi huo mgahawa wajaa wageni, na Goro ashika njia na lori lake. Kuondoka kwake si ukatili. Mhakiki aliyekwisha kufundisha hana tena haki ya kuhukumu. Sharti awapishe walaji.