Kijani Kisichozidi Kiwiko

Anayeshuka kutoka mji wa Meru kwa barabara ya Ruiri huona nchi ikibadilika: kahawa na migomba ya Imenti hubaki nyuma, mvua hupungua, na kadiri Isiolo inavyokaribia ndivyo maji yanavyozidi kuwa mali ya kuhesabiwa kwa mtungi. Kuchimba kidimbwi cha samaki upande huu ni kuweka rehani maji ambayo mahindi na ng'ombe nao wanayataka. Kwa hiyo kidimbwi kinapogeuka kijani kibichi, na utando ukaanza kusukumwa na upepo hadi pembeni, mwenyewe huwa na haki ya kushtuka. Ushauri wa kwanza anaoupata kwa majirani ni kuua huo mwani. Mimi nausifu ufundi wa yule asiyeharakisha kuua, anayejua kwamba mwani hutawaliwa kwa chakula chake, na kwamba njia ya uhakika ya kuuzuia mwani mbaya ni kuulea ule mzuri.

Neno hilo la mwisho linasikika kama kichekesho mpaka mtu atazame kidimbwi chenye maji maangavu. Macho hufurahi kuona chini, lakini jua nalo linaona chini. Mwanga ukifika kwenye tope, magugu huota na mwani wa nyuzi hujisuka kama pamba iliyolowa, kisha huelea juu na kunasa nyavu siku ya kuvua. Maji yenye kijani chepesi, yaliyojaa vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, huweka kivuli chini na kuyanyima magugu hayo mwanga. Ndiyo sababu wafugaji wa Kenya hufundishwa kulisha maji kabla ya kulisha samaki. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 50 za samadi kavu kwa kila mita ya mraba kwa wiki, au gramu 2 za mbolea ya DAP na gramu 3 za urea kwa eneo hilohilo. Kwa kidimbwi cha mita za mraba 300 ni kilo 15 za samadi, kiasi ambacho zizi la ng'ombe wawili halishindwi kukitoa.

Na samaki mwenyewe hukila hicho kijani. Mwaka 1973 mtafiti D. J. W. Moriarty alichapisha kazi iliyotokana na Ziwa George, Uganda, ziwa ambalo maji yake ni mazito kwa sayanobakteria, wale bakteria wa rangi ya kijani na buluu ambao wengi huwachukulia kuwa mwani. Ilikuwa imeaminika kwamba kuta za viumbe hao haziwezi kuvunjwa na tumbo la samaki. Moriarty alionyesha kwamba ngege, huyu tilapia tunayemfuga, hutoa tumboni asidi kali kiasi cha kuzivunja, na kwamba uwezo huo hupanda na kushuka kwa saa za siku kadiri anavyokula. Kwa hiyo katika kidimbwi cha Ruiri kijani kinacholiwa hupunguza chakula cha kununua dukani, na bei ya chakula cha samaki ndiyo inayowavunja moyo wafugaji wengi.

Basi kazi yote ni kiasi, na kiasi kinahitaji kipimo. Mwaka 1865 padre Mwitaliano Angelo Secchi alizamisha sahani nyeupe baharini ili kujua ni wapi inapotea machoni, na sahani ya namna hiyo ingali inatumika duniani kote. Mfugaji asiye nayo hutumia mkono. Huingiza kiganja majini, akiunyoosha mkono chini, na kutazama kinapotea lini. Kikipotea maji yakiwa karibu na kiwiko, mambo ni sawa. Kikipotea mapema, mbolea husimamishwa na chakula hupunguzwa. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, maji yana njaa. Sijui chombo kingine cha maabara kinachobebwa bure namna hii, ingawa nakiri kwamba maji yaliyochafuka kwa udongo mwekundu baada ya mvua humdanganya anayepima, na hapo jicho lazima litofautishe kijani na kahawia.

Nyuma ya mkono huo kuna sayansi nzito. Katika kiangazi cha 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo la Ontario, Kanada, lile linaloitwa Ziwa 226, kwa pazia. Pande zote mbili walizitia kaboni na nitrojeni. Upande mmoja tu wakauongezea fosforasi. Upande huo ukafunikwa na sayanobakteria, wa pili ukabaki kama ulivyokuwa, na picha iliyopigwa kutoka angani ikamaliza ubishi uliokuwa umedumu miaka. Anayelijua hilo huanza kuiona fosforasi kila mahali kidimbwini: katika pumba zilizomwagwa kupita shibe, katika kinyesi cha samaki waliosongamana, katika mbolea ya shamba iliyoteremka na mvua. Huelewa pia kwa nini kidimbwi cha udongo husamehe makosa kuliko kile kilichotandikwa laina ya plastiki. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una chuma na alumini vinavyoishika fosforasi. Plastiki haishiki kitu. Na huku kwenye ukame, ambako laina huzuia maji yasinywewe na ardhi, watu hawana budi kuitumia, kwa hiyo mkono wao wa kulisha unapaswa kuwa mwepesi zaidi.

Wapo watakaosema haya ni mzunguko mrefu, na kwamba salfeti ya shaba ingemaliza shida kwa siku mbili. Hoja hiyo ina mashiko Meru, ambako dawa za shaba zimezoeleka kwenye kahawa kwa ajili ya ugonjwa wa chulebuni. Shaba huua mwani kweli. Lakini mwani uliokufa kwa pamoja huoza kwa pamoja, na bakteria wanaouozesha huvuta oksijeni ileile ambayo samaki anaipumua. Hata kidimbwi chenye afya hufika alfajiri na oksijeni kidogo, kwa kuwa usiku mimea nayo huvuta wala haitoi. Mfugaji anayewakuta samaki juu wakitweta kabla jua halijachomoza anajua maana yake. Ukiongeza uozo wa dawa juu ya upungufu huo, utaokota samaki kwa ndoo. Tena shaba ni hatari zaidi katika maji yasiyo na chumvichumvi za chokaa. Na fosforasi haijaondoka, imebadili makazi tu, inangoja mwani mwingine.

Wengine wanashauri kubadilisha maji. Penye mto wa kutosha ni ushauri mzuri. Huku Ruiri, hilo ni anasa, na maji yanayofunguliwa huenda na mzigo wake kwa jirani wa chini.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye historia yetu wenyewe. Mwaka 2009 serikali, kwa mpango wa kuchochea uchumi, ilipanga vidimbwi 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140, na Imenti Kusini ikajengewa kiwanda kidogo cha kusindika samaki. Vidimbwi vingi baadaye viliachwa vikauke au vikaota matete. Je, si ushahidi kwamba ufundi huu hauwezekani kwa mkulima wa kawaida? Nasoma ushahidi huo kwa namna nyingine. Gharama ya chakula na uhaba wa maji na vifaranga bora vilichangia, hilo halikataliki. Lakini shimo, vifaranga na chakula cha kuanzia vinaweza kugawiwa kwa msimu mmoja. Jicho la kusoma maji haligawiwi hivyo. Mkulima huyohuyo anaijua rangi ya jani la mhindi lenye njaa ya nitrojeni kwa sababu amelitazama tangu utotoni. Maji ya kijani aliletewa ukubwani, na mtu wa kumfundisha akapita mara moja.

Wanaofuga matumbawe katika matangi ya maji ya chumvi wanapigana vita hivyohivyo, ijapokuwa wao hawataki kijani hata chembe, kwa kuwa tumbawe ni kiumbe cha bahari isiyo na rutuba nyingi. Nao hatimaye hurudi kwenye mambo mawili: kupunguza chakula na kuweka walaji. Bahari ya Karibi ilitoa somo hilo kwa ukali: tangu 1983 ugonjwa ulipowafyeka urchini weusi wa miiba mirefu, waliokuwa wakikwangua mwani, sehemu kubwa za miamba zilifunikwa.

Kidimbwi kina nafasi moja ambayo bahari haina: hukaushwa. Baada ya mavuno maji hutolewa, tope huachwa lipasuke kwa jua, chokaa hunyunyizwa, na sehemu ya tope hilo hubebwa. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyokuwa ikitishia kuwa utando imo humo. Mfugaji mwenye akili hupanda migomba na sukumawiki upande wa chini wa kidimbwi, ili asilibebe tope hilo mbali.